Picha ya Nyuma ya Jiko

Nyumba ya Mshonaji,
Mlango wa Uani.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa nane.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema ili tusimalize karatasi kwa kungojana.

U mzima? Unakula chakula kilichopikwa, au bado unatafuna vya kufungiwa kwenye karatasi huku umesimama? Macho yako yanasemaje na hiyo kompyuta? Ulipokuja mara ya mwisho ulikuwa unayafikicha kama mtu aliyemenya vitunguu gunia zima. Na kile kikohozi kimekwisha? Nijibu yote, moja baada ya jingine. Usiniandikie "niko poa" kama unavyoandika kwenye simu. Poa ni chai iliyosahauliwa mezani.

Mimi nipo. Magoti yananisumbua kama ilivyo kazi yao, usingizi ni wa kuazima, lakini natembea na kichwa bado ni changu. Habari za bibi yako mdogo ziko mbele. Siwezi kuzitia hapa juu pamoja na habari za magoti.

Barua hii naiandika mwenyewe, na leo ni siku ya nne niko nayo. Unajua nilitolewa shule darasa la pili, kwa hiyo ukiona herufi zimelala usicheke, nazisimamisha kwa jasho. Ningeweza kumwita jirani aniandikie kwa nusu saa. Haya si ya jirani. Na simu siitaki. Tangu Jumatano umenipigia mpaka kimeza kinatetemeka, nami nakaa naitazama hadi inachoka. Kwenye simu unajua kunilainisha. Unaanza na "bibi yangu mzuri", mimi nacheka kama mjinga, na jambo linapita. Karatasi huwezi kuilainisha.

Anakuletea dereva wa lori, mume wa mpangaji wetu wa mbele. Atakuwa huko kwenu Jumatatu na Jumanne anapakia mzigo, Jumatano anageuza. Ziweke hizo siku kichwani, nitazirudia.

Sasa nisikilize, na usiruke mistari.

Nianze dukani. Maisha yetu yote mimi na mdogo wangu tumepikia mkaa, na wewe umekulia kwenye moshi huo huo ukapata akili zako. Lakini kifua cha bibi yako mdogo kilianza kupiga filimbi, daktari akasema mkaa basi. Tukaenda kununua jiko la gesi, lile la kupikia sufuria mbili kwa pamoja. Dukani palikuwa na majiko ya aina tatu. Muuzaji akaanza kutusifia hili na lile, nikamwambia nyamaza kwanza, nifungulie maboksi nione karatasi za maelekezo. Alidhani nimechanganyikiwa. Alipofungua la tatu nikakuona. Mikono yako naijua: vidole vimekunjwa kidogo, kucha hazipo, mstari wa nje mnene na wa ndani mwembamba. Nikainyanyua ile karatasi juu, nikawaambia wote waliokuwemo, hata yule aliyekuja kununua balbu, kwamba hii ni kazi ya mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Ndiyo tukalinunua. Kulikuwa na jingine zuri zaidi, lenye miguu imara. Tulinunua karatasi, jiko likaja nalo.

Unakumbuka mwaka jana ulivyokaa kwenye meza ya cherehani, ukatueleza kazi yako? Sisi tulidhani mchoraji huongeza. Ukasema hapana, kazi yako ni kupunguza. Unakifungua kitu mpaka misumari yake, unakipanga mezani, halafu unachora kile tu ambacho mkono wa mtu unakihitaji. Kivuli unatoa. Maua ya pambo unatoa. Kila picha mkono mmoja, mshale mmoja, tendo moja. Ukamchorea bibi yako mdogo cherehani yake namna ya kutia uzi, picha nne tu, naye aliyetia uzi miaka arobaini akasema sasa ndiyo nimeielewa. Tulicheka siku ile.

Na ulikuwa unaniletea kazi zako kwanza. Unanitumia kwenye simu, bila neno hata moja, unaniuliza, bibi, hapa ninafanya nini? Ukasema picha ambayo mimi siielewi haijawa picha. Nani alikuambia kwamba kwenye pasi mkono uliouchora ulikuwa wa kushoto na kidole gumba kimeota upande usio wake? Mimi. Nani alikuambia kwenye birika kwamba mshale wako unamwagia mtu maji ya moto tumboni? Mimi, wa darasa la pili. Mkuu wako mwenye tai hakuona.

Ile ya jiko hukuniletea. Jambo hilo liweke pembeni, nitalifikia.

Siku ya kulifunga jiko, mikono yangu inatetemeka, ya mdogo wangu haikutetemeka kamwe. Tukagawana. Nilibandika karatasi ukutani kwa pini zake za kushonea, nikashika rula yake ya mbao, nikawa mwalimu. Nagonga picha ya kwanza, yeye anatoa vitu. Nagonga ya pili, anaingiza mpira kwenye kichwa cha mtungi. Ya tatu, anautia pete ile ya chuma na kuikaza kwa bisibisi. Ya nne, ncha nyingine ya mpira inakwenda nyuma ya jiko. Ya tano, mtungi unafunguliwa. Ya sita, kiberiti, na moto wa buluu juu ya jiko. Nao ukawaka, mzuri, hauna kelele. Nikageuka kama niliyeuwasha mimi.

Yeye alikuwa ameshika kitu.

"Dada, pete moja imebaki."

Nikamwambia ni ya akiba.

"Akiba ya nini, na jiko halijamaliza hata saa moja?"

Nikamwuliza kama anataka kumfundisha kazi mtoto aliyesomea. Nikasema kama pete hiyo ina mahali pake, mtoto angeichora. Yeye yuko pale ndani ya kampuni, analifungua jiko kwa mikono yake, na wewe wa kushona mapindo ya suruali unataka kumkosoa? Akaniangalia. Akasema labda tumwite fundi wa gesi, ni pua na mdomo kutoka hapa. Nikakasirika kabisa. Nilisema fundi wa nini, fundi wetu yuko ukutani.

Akacheka, akaitumbukiza ile pete kwenye kopo la vifungo. Nilisikia ilivyogonga chini. Ndiyo ikawa mwisho wa maswali, kwa sababu nyumba hii nikishasema, imesemwa.

Wiki tatu tulipika. Wageni wakija nawapeleka kwanza ukutani, kiti baadaye.

Asubuhi ile nilikuwa uani naanika. Mdogo wangu alilivuta jiko mbele kidogo afute mezani nyuma yake, akalirudisha. Mpira ulikuwa umeshikilia kwa hisani tu, kwa kuwa hakuna kilichoukaza. Ukachomoka. Alifungua mtungi, akatoka kuja kuchota maji bombani, tukasemezana kidogo kuhusu kitambaa cha mteja wake, nami ndiye niliyemchelewesha. Mafua yalikuwa yamemziba pua, dirisha limefungwa kwa vumbi. Gesi ikawa inamwagika chini ya meza muda wote huo. Akarudi ndani na kiberiti chake.

Sitakuandikia sauti ile. Nilipoingia moto haukuwa juu ya jiko unakochorwa. Ulikuwa umetoka nyuma na chini, na yeye ameusukuma kwa mikono yote miwili. Nikamfunika kwa nguo za watu nilizokuwa nazo begani, zikiwa mbichi. Hilo la ubichi ndilo lililomwachia uso, alisema daktari. Mikono haikupata bahati hiyo.

Nilikupigia siku ile ile kutoka hospitali, unakumbuka? Nikasema jiko limemwunguza bibi yako mdogo. Basi. Sikusema zaidi, kwa sababu sikujua zaidi. Wewe ukalia, halafu ukaniuliza, "Mpira ulichomoka nyuma?"

Mimi nikafikiri ni akili za kazi. Nikawaambia hata wauguzi, mjukuu wangu ameligundua kosa akiwa mbali huko. Nilijisifu kwa hilo, mbele ya kitanda chake. Mungu anisamehe.

Fundi wa gesi, yule tuliyekataa kumwita, ndiye aliyekuja baadaye kutazama. Alipiga magoti, akanyanyua ncha ya mpira, akaniuliza pete ya huku iko wapi. Nilikwenda kwenye kopo, nikalimwaga lote mezani, vifungo vikabingirika mpaka chini ya kitanda. Nikampa. Aliisogelea karatasi ukutani, akaitazama picha moja moja, akasema kwa upole, mama, hapa kweli haipo. Picha ya kwanza, ile ya vitu vilivyopangwa, ina pete mbili. Ya tatu inaikaza moja. Nyuma ya jiko hakuna anayekufikisha. Wewe, mjukuu wangu, umelichora kwa mbele tu. Mpira unapita nyuma yake na kupotea, kama mtu aliyeingia nyumba asiyotoka.

Sasa habari za bibi yako mdogo. Amerudi nyumbani wiki mbili zilizopita. Mkono wa kushoto una vidole viwili vinavyotii. Wa kulia umejikunja, ngozi imeshikana, muuguzi anakuja kuunyoosha kidogo kidogo, na kila akija mimi hutoka nje nikajifanya natafuta mkaa, maana jiko letu sasa ni la mkaa tena. Hawezi kufunga kitenge chake. Hawezi kushika sindano. Cherehani nimeifunika shuka, kwa kuwa niliona anavyoitazama.

Wateja wanakuja kuchukua nguo zao. Wanasalimia vizuri, wanakaa kidogo kwenye ukingo wa kiti, halafu wanauliza kwa aibu kama kile kitambaa kiko karibu. Naenda nakitoa, kimekatwa, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado, sindano ingali imechomekwa. Wanakunja wanaondoka. Juzi amekwisha wa mwisho. Hata yeye hakuuliza wengine wamekwenda wapi.

Jumanne iliyopita ndipo alipokuja bwana wa kampuni yenu. Mimi namwita Bwana Faili, maana hakuliachia hata alipokuwa anakunywa maji. Viatu safi, sauti ya kufariji. Alitoa pole nyingi. Akaleta zawadi, jiko jipya ndani ya boksi, akaliweka katikati ya chumba, mdogo wangu akasogeza kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta. Kisha akafungua faili na kutusomea karatasi. Ilikuwa ndefu, lakini mimi nilishika maneno manne: mtumiaji hakufuata maelekezo yaliyoambatanishwa. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Akasema ni utaratibu tu, aweke dole gumba hapa chini mambo yafungwe. Akatoa kile kidau cha wino, akakifungua, akamgeukia mdogo wangu. Akauona mkono. Bendeji mpaka kwenye kiwiko. Akakifunga kidau polepole, kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Halafu unajua alifanya nini? Akakifungua tena, akakigeuzia kwangu. Akasema, basi mama mkubwa utamwekea wewe, wewe ndiye mlezi wake.

Nilimwambia sioni vizuri, aje Alhamisi ijayo. Nayo ni keshokutwa yake dereva akirudi. Hapana, ni kesho yake. Dereva Jumatano, Bwana Faili Alhamisi.

Alipoondoka nililifungua boksi. Nilidhani wamebadilisha karatasi. Watu wameona mtu ameungua, wamefunga safari, wamevaa na viatu safi, lazima wamebadilisha. Nikaikunjua. Picha sita. Zile zile. Wametuletea moto ule ule kwenye boksi jipya.

Nikavaa, nikaenda dukani na magoti yangu haya. Muuzaji hakumbuki ameuza mangapi. Alinionyesha tu kwa mkono: mlundo ulikuwa unagusa dari, sasa uko usawa wa kiuno. Nikahesabu kwa macho zile nyumba zilizobeba kipande cha kutoka dari mpaka kiuno, na pete ngapi ziko kwenye makopo ya vifungo, na kwenye droo, na watoto wangapi wanazichezea. Alikuwepo mama mmoja mjamzito anakaribia kulipa. Nikamwambia mwanangu, ukifika nyumbani pete ya pili ikazwe nyuma, umwite fundi. Muuzaji akanishika bega, akanitoa nje taratibu, akisema bibi unanifukuzia wateja.

Jumatano ukapiga. Nilidhani unapiga kuuliza mkono. Ukaniambia umesikia ofisini kwamba bwana amekuja kwetu, ukasema:

"Bibi, weka dole tu, yaishe."

Nikakuuliza yaishe nini. Ndipo ukaanza kulia na kusema. Kwamba ulichora picha saba. Ya saba ulikuwa umeligeuza jiko, nyuma kukatazama mbele, na mkono, na bisibisi, na pete. Kwamba mkuu wako alisema karatasi inakunjwa mara sita, ya saba itadai karatasi nyingine, na ncha zote mbili za mpira zinafanana, kwa hiyo atakayeona moja ataelewa ya pili. Akakuambia toa moja. Ukatoa. Ukasema, "Nilimwambia, bibi. Nilimwambia mara moja."

Mara moja. Ulipokuwa na miaka saba ulinililia viatu vyekundu mwezi mzima. Ulikuwa unalala mlangoni kwangu ili nikitoka nikukanyage. Nilikununulia viatu vile kwa uchovu, si kwa upendo. Kwa hiyo usiniambie hujui kusumbua mtu. Unajua sana. Hukutaka. Bado uko kwenye majaribio kazini, ulitaka wakuajiri moja kwa moja, na mtu wa majaribio hapingi. Naelewa. Si kwamba sielewi. Hata mimi nimewahi kula maneno yangu ili niache kula njaa. Lakini wewe ulijua mpira utachomoka wapi. Ulilijua hilo uliponiuliza siku ile ya hospitali, ulilijua wakati jiko liko kwenye boksi, na ulilijua ulipoacha kunitumia ile picha kama unavyonitumia nyingine zote. Ulijua ningekuuliza, bibi hapa nyuma kuna nini?

Hilo ndilo linalonichoma kuliko mkuu wako. Yeye hanijui.

Sasa na mimi. Usidhani nimekaa hapa juu nakutupia mawe. Pete ilikuwa mkononi mwa mdogo wangu. Aliniuliza mara mbili. Aliniomba tumwite fundi. Mimi nilimfunga mdomo kwa jina lako, kwa sababu nilikuwa na raha ya kuwa na mjukuu ukutani. Wewe ulitoa picha, mimi nikatoa swali. Mikono iliyoungua si yako wala yangu. Ni ya yule aliyekuwa sahihi.

Kwa hiyo sikiliza nitakavyofanya Alhamisi, na usinipigie kunibadilisha.

Dole siweki. Nitamwambia Bwana Faili kwamba maelekezo tuliyafuata mpaka la mwisho, na hapo ndipo tulipoungulia. Nitamwonyesha nyuma ya jiko na nitamwonyesha karatasi. Atauliza nani anasema kuna picha iliyotolewa. Nitataja. Nitajitaja mimi kwanza, pete na kopo langu, kisha nitakutaja wewe, mtoto wa binti yangu, halafu mkuu wako kwa cheo chake. Fundi wa gesi amekubali kukaa nami. Najua wanaweza kukufukuza. Najua ni wewe unayeilisha nusu ya nyumba hii. Nimelala na jambo hilo siku nne, na kila nikilitoa upande mmoja linarudi kwa mwingine, kisha nakumbuka ule mlundo kutoka dari mpaka kiuno.

Unachoweza kuchagua ni kimoja tu. Ile picha ya saba bado unayo, uliniambia iko kwenye mashine yako. Itoe. Ipeleke kwa wakubwa wa mkuu wako kwa miguu yako mwenyewe, Jumatatu au Jumanne, uweke mezani, useme ilikuwepo, niliitoa, mtu ameungua, irudisheni kabla boksi jingine halijatoka ghalani. Na nakala nyingine mpe dereva aniletee. Nitaibandika kwenye mlango wa lile duka, na muuzaji akinitoa nitabandika kwenye nguzo iliyo mbele yake.

Dereva akirudi mikono mitupu, nitasema. Akirudi na picha, nitasema vilevile. Tofauti ni kwamba nitasema juu ya mtu aliyekwisha kusema mwenyewe, na hapo nitaweza kuinua uso.

Wakikufukuza, rudi. Kitanda chako kipo. Tutakula tutakachokula.

Bibi yako mdogo nilikuwa nimemficha habari ya picha ya saba. Jana nilishindwa, nikamwambia. Akauliza kama kweli uliichora. Nikasema ndiyo, uliichora vizuri, na pete, na bisibisi. Akasema, "Kumbe anajua." Hakuongeza kitu, na mimi sikujua ni sifa au ni nini, hata sasa sijui, nakupa kama nilivyopewa.

Nisalimie mama yako ukimpigia, mwambie haya nitamwambia mwenyewe, asiyasikie kwako yakiwa yamepakwa sukari. Msalimie mjomba wako Ndevu na mkewe, na wale pacha wao wasiopiga mswaki. Shangazi Mrefu nimepata salamu zake, sijapata ile blanketi aliyoahidi. Mwenzako unayeishi naye chumba kimoja msalimie pia, ingawa anaosha vyombo kwa kuvitazama.

Mungu akutie nguvu kwenye miguu, maana ulimi anao kila mtu. Akupe ujasiri wa kuudhi watu, jambo ambalo sikujua kama kuna siku nitakuombea. Akulinde njiani uendako na urudiko.

Mimi niliyekulea, ninayekupenda leo kwa taabu lakini ninakupenda,

Bibi yako.

Nilikuwa nimeshafunga, nimefungua tena. Leo asubuhi nilimwuliza mdogo wangu moja kwa moja: mikono ni yako, haki ni yako, wewe unataka niweke dole au nisiweke? Kama angesema weka, ningeweka, na barua hii ningeichoma. Nilikuwa nakuombea aseme hivyo, nakwambia kweli.

Alinitazama, akaangalia bendeji zake, akasema, "Dada, dole ni lako. Mimi sina tena."

Ndiyo maana nimeituma.